Simu Iliyozimwa

"Umeniuza," binti alisema kwa sauti ya chini, filamu ilipokwisha, taa za ukumbi zikawaka na watu wakaanza kupiga makofi.

Mchumba wake, mtengenezaji wa filamu hiyo, ambaye chuo kizima kilimwita Direkta, alikuwa bado anawachekea wageni.

"Nimekuuza vipi, mpenzi? Jina lako halimo mle."

Kweli, jina halikuwemo. Lakini yule msichana wa kwenye filamu alizima simu ili astarehe na mpenzi wake, huku mama yake akimpigia kutoka kitanda cha hospitali mpaka roho ikamtoka. Siri hiyo ilikuwa ya binti, na aliijua mtu mwingine mmoja tu duniani, yule aliyemlilia kifuani. Nyumbani alisema simu iliisha chaji.

Na leo baba yake, fundi cherehani, alifunga duka akaja kukaa mstari wa mbele, maana bintiye ndiye aliyepangiwa kuhakiki filamu ya mwenzake mbele ya wageni.

"Mhakiki, karibu jukwaani," mhadhiri aliita.

Direkta alimnong'oneza, "Sema tu imekugusa. Majaji wa shindano wanasikiliza. Nikishinda tunaoana mwaka huu huu."

Binti alipanda. Daftarini alikuwa ameandika habari za mwanga na sauti. Tangu ile simu ilipotokea kwenye filamu, hakuongeza hata neno.

"Picha ni safi, na uhariri hauna doa," alianza. "Kosa liko kwenye hadithi. Mpenzi amechorwa kama malaika asiyejua lolote. Si kweli. Yeye ndiye aliyesema, 'Izime bwana, mama yako kila siku anakufa, hafi.' Nami nikazima."

Mhadhiri alivua miwani.

"Umesema 'nami'?"

"Ndiyo, mwalimu. Mimi."

Baba aliinuka, akatoka bila kumtazama mtu. Binti alishuka mbio, akamkuta kwenye ngazi ameshika ukuta.

"Ulisema chaji iliisha."

"Nilikudanganya, baba. Nisamehe."

"Mama yako alikuulizia mpaka mwisho. Kila alipouliza nilimwambia uko njiani." Mzee aliuachia ukuta. "Mwanangu, na mimi niliamini uko njiani."

Machozi yalimtoka binti, na simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa Direkta:

"NIMESHINDA! Uhakiki wako umewaliza majaji, wamedhani tulipanga. Rudi tupige picha!"

Aliusoma mara mbili. Miaka mitatu alilala akiamini kifua kile kilikuwa kinamsikiliza kwa huruma, kumbe mwenzake alikuwa anaokota hadithi. Akamjibu:

"Hongera. Pete yako nitamwachia mhadhiri. Usinitafute tena."

Alipoinua macho, baba alikuwa ameshafika chini ya ngazi, anaelekea getini kwa mwendo wake wa taratibu. Hakumsubiri, wala hakumkataza kumfuata.

Akamfuata.