Mnara Unaobisha Hodi

Jua lilipoanza kuelekea nyuma ya milima, mnara ulishuka kutoka paa la soko kuu la Lukindo, ukakunja taji lake na kuanza kutembea kwenda Kitongoji cha Juu. Ulikuwa na miguu sita myembamba, kila mmoja mrefu kupita nguzo ya umeme. Uliinyanyua miguu hiyo juu ya vibanda vya chipsi na kamba za kuanikia nguo, ukaishusha polepole kiasi kwamba hata kuku hawakushtuka. Watoto walikuwa wameuona tangu wazaliwe, lakini bado waliacha mpira wakautazama. Hata watu wazima walitazama. Kuna vitu mtu havizoei, tuseme ukweli.

Kwenye nyumba ya mwisho, pale mtaa unapoishia na miamba inapoanza, mnara ulisimama mbele ya mlango wa mbao, ukainamisha shingo.

"Hodi!"

"Umekuja kwa mtu mzima unasema hodi peke yake?" sauti ya mzee ilifoka kutoka ndani. "Shikamoo umeisahau sokoni?"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Karibu. Ila usinikanyagie bomba langu la maji."

Mnara ukapanda. Nyayo zake zilitanuka zikawa pana na laini, uzito ukagawanyika, wala bati halikulia. Kisha taji likafunguka, jani baada ya jani, mamia ya majani membamba kama ganda la kitunguu, kila moja likinasa wimbi lake. Kitongoji kizima kikapata mtandao kwa mkupuo. Simu zikaamka, mwalimu aliyekuwa ng'ambo akatokea sebuleni kwa wanafunzi wake, na bangili za afya mikononi mwa wazee zikaanza kusema na hospitali.

Zamani minara haikutembea. Ilichimbiwa chini na kuachwa hapo, na ugomvi wake haukuisha. Huyu alilalamika mnara uko karibu na shule, yule kwamba umemzibia upepo, mwingine kwamba jirani amelipwa kodi ya paa na yeye hakupata kitu. Halafu yakaja mawimbi mapya, mafupi sana, yenye kubeba mambo mengi ajabu lakini yasiyoweza kupenya hata ukuta wa matofali. Mawimbi hayo yalitaka antena karibu na watu, na jiji halikuwa na nafasi ya kuziweka zote. Ndipo wahandisi wakaipa minara miguu, ili iwafuate watu: asubuhi sokoni na maofisini, jioni majumbani.

Lakini nani angekubali dude la namna hiyo limpandie juu ya paa? Jibu lilitoka kwa Yustina Mkude, afisa mipango miji wa Lukindo, wakati huo akiwa bado binti mdogo kazini. Aliandika Sheria Ndogo ya Minara, na moyo wa sheria hiyo ulikuwa hodi. Mnara utabisha hodi mara tatu. Mwenye nyumba ataitika kwa kinywa chake mwenyewe. Asipoitika, mnara utaondoka, na hautarudi hadi kesho yake. Majiji mengine yalicheka kwanza, kisha yakaiga.

Yule mzee wa nyumba ya mwisho, Damasi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mjomba, alikuwa mjomba wa Yustina kweli. Ndiye aliyemlea na kumsomesha. Kwa desturi ya kwao mpwa ndiye mrithi wa mjomba wake, na Damasi hakuwa na mpwa mwingine. Yustina alimtembelea kila wiki, au tuseme taswira yake ilimtembelea. Mnara ulikuwa ukiichora kwa mwanga, ikaketi kwenye kochi, ikacheka, hata kivuli ikawa nacho.

"Nimechoka kuongea na mwanga," Damasi alimwambia wiki hiyo. "Mara ya mwisho kubisha hodi hapa kwa mkono wako ilikuwa lini?"

"Mjomba, kazi zimenibana. Nitakuja."

"Huo mnara wako una adabu kukushinda. Sasa nao nitaacha kuuitikia, mtaa mzima ukose mtandao. Nione kama hutakuja."

Yustina alicheka. Walikuwa na utani wao tangu zamani.

Siku chache baadaye madiwani wa mji jirani walikuja kujifunza. Yustina aliwaingiza kwenye chumba cha ramani hai, ambako jiji lote lilielea mezani, na minara ikitembea ndani yake kama siafu wa mwanga. Wageni walishika vinywa. Yustina mwenyewe, baada ya miaka yote hiyo, bado alisisimka kila alipoiona. Kisha mgeni mmoja akanyoosha kidole kwenye doa jeusi pembeni, chini ya miamba.

"Pale mwenye nyumba hajaitika tangu juzi," Yustina alisema, na fahari ilisikika waziwazi. "Paa lake ndilo pekee linaloona mtaa wote, kwa hiyo mtaa wote uko gizani. Mnara huu una sikio la kunasa chombo kinachozunguka Mwezi, lakini hauwezi kukanyaga bati la mzee mmoja bila ruhusa yake."

Wakapiga makofi.

"Tena mzee mwenyewe ni mjomba wangu," aliongeza. "Amenuna."

Wakacheka. Mama mmoja mtu mzima, diwani Skolastika, hakucheka. Alikuwa bado anaitazama ramani.

"Na mtu asipoitika, mnara unafanya nini?"

"Unaondoka, mama. Hodi tatu, halafu unaondoka."

"Unaondoka tu?"

"Ndiyo heshima yenyewe."

"Aa," Skolastika alisema, akijifunga kitenge chake vizuri. "Kwetu mtu asipoitika tunamuuliza jirani. Labda anaumwa."

Hakulisema kwa ubaya. Yustina alilitazama lile doa tena. Aliwaacha wageni wamesimama palepale, wala hakuaga.

Alifika Kitongoji cha Juu mnara ukiwa umeshainama mlangoni. Majirani walikuwa barazani, wamekasirika. Walikuwa wamesikia kitisho cha mzee, naye alikuwa amewakosesha mtandao tangu juzi, basi nao walimnunia. Walipita mlangoni kwake bila kusalimia.

"Hodi!" mnara ulisema kwa mara ya tatu. Ukasubiri. "Ahsante. Nitarudi kesho."

Yustina alisukuma mlango. Damasi alikuwa sakafuni kati ya kitanda na meza, mguu umepinda vibaya, midomo imekauka ikapasuka. Bangili mkononi mwake ilikuwa ikiwaka na kuzimika, ikiita hospitali isiyoipata.

"Nimeitika," alisema. Haikuwa sauti, ilikuwa pumzi tu. "Kila mnara ulipobisha, nimeuitikia. Nimesema karibu. Hausikii."

Yustina alikikumbuka kifungu kile cha sheria yake neno kwa neno, maana alisifiwa sana kwacho. Ili kulinda siri za nyumba za watu, sikio la mnara lizibwe mlangoni, lisisikie chochote kilicho chini ya sauti ya mazungumzo ya kawaida. Alitoka mbio.

"Rudi! Karibu! Nimesema karibu!"

"Samahani, wewe si mwenye nyumba," mnara ulijibu kwa upole, ukinyanyua mguu juu ya bomba la maji.

"Mimi ndiye niliyeiandika hiyo sheria!"

"Ahsante. Nitarudi kesho."

Ukaenda zake, mzuri kama kawaida yake. Simu ya Yustina haikuwa na mtandao. Basi alisimama katikati ya njia akapiga yowe, kama walivyofanya bibi zake kabla ya antena zote. Majirani waliruka kutoka barazani. Walipomwona mzee, hasira ziliwaishia, na mmoja wao akaanza kulia. Walimbeba juu ya godoro wakateremka naye mpaka bangili ilipopata mtandao.

Mjomba Damasi hakukaa sana hospitalini. Alifariki Jumapili asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Yustina, mkono wa nyama na damu. Siku za mwisho hakuulalamikia mnara hata kidogo. Alimuuliza tu kama kuna mtu ameziba lile bomba, maana lilikuwa linavuja.

Sheria ilibadilishwa kabla matanga hayajaanuliwa. Neno moja tu, karibu, mnara ungeruhusiwa kulisikia hata likisemwa kwa pumzi. Na hodi ya tatu isipoitikiwa, mnara uende kwa jirani ukamwambie. Baraza lilipitisha bila kupinga. Yustina alirithi nyumba, akahamia humo, na jina lake likaingizwa kwenye kumbukumbu za minara.

Jioni ya kwanza aliketi peke yake kwenye kochi, pale ilipokuwa ikiketi taswira yake. Alizisikia nyayo zikija juu ya miamba, nyepesi na za uangalifu. Kivuli cha shingo ndefu kikapita dirishani.

"Hodi! Shikamoo, Mjomba."

Hakuna aliyekumbuka kuifuta salamu hiyo. Ni Mjomba mwenyewe aliyeufundisha. Yustina alifungua kinywa aitike. Kilichotoka kilikuwa hafifu kuliko sauti ya mzee pale sakafuni, hata yeye mwenyewe hakukisikia vizuri.

"Karibu."

"Ahsante," mnara ulijibu papo hapo.

Ukapanda bila kuligusa bomba. Juu ya kichwa chake taji likafunguka, jani baada ya jani, na huko nje watoto waliacha mpira wakatazama. Yustina alijifunika uso kwa kanga akalia, mpaka majirani walipokuja mlangoni wakabisha hodi.