Bangili ya Nyevu

"Huu uzi ni wa nani?"

Dena alishusha bakuli la uji. Mkewe, Nyevu, alikuwa amesimama mlangoni, na kati ya vidole vyake ulining'inia uzi mwekundu wa hariri, mrefu kama mkia wa panya.

"Uzi tu."

"Umetoka kwenye kikoi chako."

"Basi ni wa kikoi."

"Kikoi chako ni cheupe, Dena."

Dena akarudia uji wake kwa bidii ya mtu anayetumaini uji utamtetea.

Hapo ni Ganda, nyuma ya Malindi, mwaka wa 1912. Dena alikuwa tarishi. Kila juma alibeba mfuko wa barua kwa miguu, siku mbili kwenda Kilifi na siku mbili kurudi. Mke anayelala peke yake nusu ya juma hupata muda mwingi wa kufikiri, na Nyevu hakuupoteza. Alikuwa na ushahidi wake. Hariri, kwanza. Kisha mume alinuka mafuta yasiyokuwa ya nazi wala ya taa. Kisha ghala la mahindi lilitiwa kufuli miezi miwili iliyopita, eti humo anatengeneza mizinga ya nyuki. Nyuki gani wanaogongewa nyundo mchana kutwa?

Alhamisi mambo yakazidi. Nyevu alifungua kikapu chake cha mapambo, atoe bangili ya waya wa shaba aliyovishwa na nyanyake siku ya harusi. Bangili haikuwemo. Katika kizibao cha mumewe akakuta karatasi. Hakujua kusoma, akaipeleka kwa jirani yake Zipporah, aliyesomeshwa na misheni.

Zipporah akasoma kwa sauti ya kanisani.

"'Dena, nyekundu nyingine imefika. Njoo kesho na kile cha mkeo nikipime. Asijue. Chanchalben.'"

"Soma tena."

"Nikisoma tena itabadilika?"

"Chanchalben ni nani?"

"Mhindi mwenye duka kule Shella, Malindi. Mjane, nasikia."

"Mjane," akasema Nyevu polepole, kama aliyeonja mchuzi uliochacha. "Anaipima bangili yangu mkononi mwake. Sawa."

Kesho yake alfajiri alikuwa njiani. Alimkuta Chanchalben dukani, mvi tupu, miwani puani, akikata kitambaa.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuuona mkono wako."

"Marahaba. Mkono wangu una nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Bibi akanyoosha mikono yote miwili. Ilikuwa mizito na minene. Bangili ya Nyevu isingepita hata kidole gumba.

"Wewe ni mke wa Dena," akasema bibi. "Nilimwambia akueleze. Akasema utamcheka, kama ulivyocheka ile saa."

Nyevu aliikumbuka saa. Dena aliifungua aitengeneze, akaifunga, vipande vitatu vikabaki nje. Nyevu alicheka siku tatu, siku moja kwa kila kipande.

"Mbona uliandika nisijue?"

"Aliniomba. Mimi nauza hariri, binti yangu; bangili niliipima urefu tu. Siri ilikuja na mteja." Akamtilia kibonge cha uzi mwekundu mkononi. "Mpelekee, kazi yake imebaki shubiri moja. Nenda ukatazame ghalani. Mimi nikikwambia hutaamini."

Nyevu alifika kwake jua la utosi. Ghala lilikuwa limekomewa kwa ndani.

"Fungua, Dena. Ukikataa nakwenda kwa baba sasa hivi, na huo uzi utawaeleza wazee."

Komeo likatoka. Ndani, kati ya mahindi, ilisimama pikipiki.

"Ya yule Mzungu wa shamba la mpira," Dena akasema, akijifuta mafuta kifuani. "Aliitupa. Kuku wameitagia miaka miwili, panya wamekula nyaya zote. Akanipa. Ikiwaka, nitakwenda Kilifi asubuhi na kurudi kabla hujasonga sima. Sitalala nje tena."

"Bangili yangu iko wapi?"

Dena akaonyesha. Waya ulikuwa umenyooshwa, umevikwa hariri na nta ya nyuki, unatoka kwenye sumaku ya kuwashia cheche hadi kwenye injini. Karibu na injini, shubiri moja ya shaba ilikuwa uchi.

"Hukuniomba."

"Sikukuomba."

"Basi naichukua."

"Ngoja kwanza uone." Akaipanda pikipiki, gurudumu la nyuma likiwa limeinuliwa lisiguse chini, akaanza kukanyaga pedali kama za baiskeli. Nyevu akanyoosha mkono. "Usiguse, Nyevu. Inauma."

"Miezi miwili unanidanganya, leo ndiyo useme kweli?"

Akaushika waya. Kufumba na kufumbua alikuwa ameketi juu ya mahindi, kanga begani haipo.

"Nilikwambia."

"Ulisema inauma. Hukusema inapiga teke kama punda."

"Cheche inavujia hapo palipo wazi. Hariri iliniishia."

Nyevu akamtupia kile kibonge. Dena akaanza kuzungusha uzi kwa vidole vyake vinene, ukalegea, ukapishana. Nyevu alivumilia mizunguko minne. Mwanamke aliyejishonea mwenyewe hando, sketi yake ya marinda, kunjo kwa kunjo, hawezi kutazama kazi ya namna hiyo.

"Lete hapa."

Akauvika waya kwa kubana, uzi ubavuni mwa uzi, akapaka nta. Dena akakanyaga. Pikipiki ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma, kuku wakakimbilia kwa Zipporah bila kuaga.

"Nisamehe," Dena akapaza sauti. "Ilinipasa kukuomba."

"Sijasamehe. Zima kwanza tusikizane."

Jumatatu Dena alikwenda Kilifi, akarudi vumbi tupu, sima ikiwa bado jikoni. Nyevu hakumwuliza habari za njia. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki, akalegeza nati mbili, akauchomoa waya, akauzungusha mkononi mwake, mwekundu, unang'aa kwa nta. Hivyo ndivyo alivyofanya kila jioni tangu siku hiyo.

Zipporah alimwona akauliza, "Sasa unamwamini?"

"Namwamini," akasema Nyevu, akiigeuza bangili. "Asubuhi nampa, jioni naivaa. Usiku ile pikipiki, bila hii, ni nyumba ya kuku tu."