Kabureta ya Kathuri

Wambeti alikuwa anamenya ndizi mbichi nje ya jiko, vidole vimeshika utomvu mweusi, binti yake Wanja alipokuja mbio kumwambia gari limewaka, linanguruma.

"Mwambie baba yako asilizime kabla halijapata moto," alisema bila kuinua kichwa.

"Baba yuko zizini anakamua. Ufunguo uko mfukoni mwake."

Wambeti alisikiliza. Injini ya pikapu ilikuwa inavuta hewa kwa shida, na ndani yake kabisa mlikuwa na mluzi mwembamba, kama wa mtu aliyebanwa na kifua. Kisha ikazimika. Alimwambia Wanja kwamba magari ya zamani yana vituko vyake, akamtuma maji. Lakini kisu kilikuwa kimesimama mkononi.

Pikapu hiyo ilikuwa Pijo 404 iliyoachwa na Mwitaliano mmoja wa kujenga barabara. Iliwabebea kabichi kutoka Kianjokoma hadi Embu mjini mpaka kabureta, kile kifaa cha kuipa injini petroli na hewa, ilipopasuka. Mumewe, Njagi, hakuweza kuacha ng'ombe, kwa hiyo Wambeti ndiye aliyetafuta nyingine. Aliizungusha ile mbovu ikiwa imefungwa kwa gazeti, Embu, Meru, hadi maduka ya vipuri ya Nairobi, na kila alipoifungua kwenye kaunta walianza kwa kucheka. Mmoja alimuuliza kama gari hilo ndilo lililompeleka nyanya yake harusini. Zilikuwa haziletwi tena. Na mwaka ule ulikuwa wa njaa, wa mahindi ya njano ya msaada, na kabichi zilizopona zilikuwa zinaozea shambani kwa kukosa gari.

Kianjokoma yote ilikuwa na Pijo nyingine moja tu ya aina hiyo. Ilikuwa ya Kathuri, na Kathuri alifia ndani yake. Aliugua pumu. Ilipomzidi alitaka kujipeleka hospitali, injini ikakataa kushika, akakata roho uani kwake, mkono ukiwa kwenye ufunguo.

Kina mama wa kanisa walikwenda kumpa pole Marcella, mjane wake, wakiwa na kuni na unga wa njano. Wambeti, mwenyekiti wao, alitangulia. Pale kwao kila mtu anajua kwamba nyumba ya matanga huingizwa vitu. Haitolewi kitu, hata kaa la moto, kabla haijasafishwa, maana anayetoka na kitu cha marehemu hutoka na mwenyewe nyuma yake. Wambeti alikuwa na kidato cha nne, na hayo aliyaita mambo ya wazee. Chini ya unga, kwenye kiondo, alikuwa na spana. Wenzake walipoanza wimbo wa pili alisema anakwenda chooni, akaenda kwenye Pijo ya marehemu. Alikuwa amemshikia Njagi tochi chini ya boneti mara nyingi mno, mikono haikubabaika.

Nyumbani alisema kabureta ameipata kwa fundi wa mjini. Njagi akamsifu mbele ya majirani, akamwita injinia, naye akacheka pamoja nao.

Baada ya siku ile ya ndizi, ile pumzi yenye mluzi ikatoka kwenye gari ikaja nyumbani. Kila jua lilipozama ilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, ikivuta, ikikwama, ikivuta tena, na pamoja nayo harufu ya petroli na ya majani ya mkalitusi yaliyochemshwa, yale ambayo mgonjwa wa kifua hujifukizia. Njagi alitoka na panga, akarudi akisema hakuna kitu, na hakumtazama mtu usoni. Halafu Wanja, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuugua kifua, akaanza kutoa mluzi kifuani. Jioni moja Wambeti alimkosa jikoni, akamwita, akamtafuta bombani na zizini huku giza likishuka, mpaka alipoikaribia pikapu na kumwona kwenye kiti cha dereva, mgongo umepinda kama wa mzee, midomo imekuwa ya buluu, vidole vikizungusha mahali pa ufunguo ambapo hapakuwa na ufunguo, vikizungusha na kuzungusha, na sauti iliyotoka kinywani mwa mtoto wake ilikuwa nzito, ya mwanamume, iliyochoka kabisa.

"Haishiki," ilisema. "Haishiki."

Njagi hakumwita mchungaji, maana yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa na aliona haya. Alimleta Ireri, mganga mzee wa kule juu karibu na msitu, kwa njia ya nyuma. Ireri alimwekea Wanja sikio kifuani, akakaa hivyo kwa muda.

"Huyu si jini wa kufukuzwa," alinong'ona. "Huyu ni mgeni. Nani alitoka na kitu matangani?"

Wambeti aliwafikiria kina mama, kile kiti chake cha mbele kanisani, zile sifa mbele ya majirani. Alinyamaza hata mtoto alipokwama pumzi, na aibu hiyo ndiyo iliyomla zaidi baadaye: kwamba alingoja, na akahesabu hasara yake, mtoto akiwa mbele yake.

"Ni mimi," alisema. "Kabureta ni ya Kathuri."

Njagi aliitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akachukua spana akaenda kuifungua.

Asubuhi Wambeti alimkuta Marcella uani akichambua maharagwe. Aliiweka ile kabureta miguuni pake, akasema yote akiwa amepiga magoti.

"Nilikuona," Marcella alisema. "Nilikuwa dirishani."

"Mbona ulinyamaza?"

Marcella aliangalia barabarani kwanza. "Tangu afe, kila giza likiingia alikuwa anakohoa mlangoni, nimfungulie. Ulipotoka na kiondo, alikufuata. Nikashukuru Mungu, nikaendelea kuimba. Na mimi naona haya, Mama Wanja. Lakini siichukui."

"Niitupe mtoni?"

"Ukiitupa, atabaki kwa mtoto. Mpe mahali. Mpakulie kwanza, umwite kwa jina. Akikaa mezani hatamkalia mtu kifuani." Akaiokota, akairudisha taratibu kwenye kiondo, akafunika na khanga.

Jua lilipozama, Wambeti alisonga ugali na kukaanga kabichi. Alivuta kigoda kimoja zaidi, akapakua sahani ya kwanza na kuiweka mbele ya kigoda hicho. Alifunga dirisha ili majirani wasisikie.

"Karibu, Kathuri," alisema.

Kigoda kililia kidogo, kama kinavyolia mtu mzito anapokikalia. Mluzi ukatoka kifuani mwa Wanja, ukavuka meza, ukatulia upande wa pili. Midomo ya mtoto ilirudia rangi yake, akanyoosha mkono akamega ugali. Njagi aliinamisha kichwa kuomba, lakini maneno hayakuja, akaanza kula.

Wambeti aliwapitisha macho kama mama yeyote anavyofanya kabla hajajipakulia. Mumewe, binti yake, mgeni wao. Hakuna aliyekosekana.