Mgeni wa Eda

Mgeni alikaa mkekani saa nzima, lakini alipoondoka mkeka ulikuwa baridi kana kwamba haukukaliwa.

Sikuzani hakujali. Mumewe, Nurdin, alikuwa na siku kumi na tisa kaburini. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza hapo Makote, na ndugu waliolala matangani walikuwa wamerudi mashambani. Yeye alibaki ndani, akikaa eda. Mwanamke huyu, aliyejitambulisha kuwa jamaa wa marehemu kutoka Chiwata, ndiye pekee aliyekuja kila adhuhuri kumshika mkono.

"Lia, mwanangu," alimnong'oneza. "Wenzako wameshamsahau. Utakulaje, naye yuko chini ya udongo?"

Sikuzani akaacha kula.

Faidha, dada wa marehemu, alipokuja kumjulia hali alisita mlangoni. Chumba kilinuka udongo mbichi, na mvua haikuwa imenyesha tangu Mei.

"Wifi, unaongea na nani?"

"Na mgeni. Humwoni?"

Faidha aliona mkeka mtupu, na vidole vya wifi yake vimebanwa pamoja mpaka vimepoteza rangi, kana kwamba vimo ndani ya kiganja cha mtu, na ingawa moyo ulimwambia kimbia, aliingia, akaketi palepale mkekani, baridi ikampanda mgongoni.

"Mwambie anisimulie kaka yangu alivyokuwa hai," alinong'ona.

Sikuzani alimgeukia mgeni. Siku zote mgeni alikuwa akimsimulia homa, sanda na kaburi tu.

"Mwulize kaka alikuwa akiimbaje akibangua korosho."

"Vibaya!" Sikuzani alijibu mwenyewe, kicheko kikamtoka, kikageuka kilio. "Vibaya, wifi, mpaka mbuzi wanakimbia!"

Mkono wa mgeni ukambana Sikuzani mpaka akapiga ukelele, na Faidha akamkumbatia, akasoma Ayatul Kursi huku akilia, akarudia na kurudia, mpaka mlango ukajibamiza wenyewe na harufu ikakatika.

Jioni hiyo Sikuzani alikula. Faidha akahamia kwake, majirani wakamwokotea korosho zake.

Wiki iliyofuata, alasiri, Sikuzani aliita kutoka chumbani, "Wifi?"

"Abee," Faidha akaitika kutoka uani.

"Abee," ikaitika sauti nyingine, humo humo chumbani.

Faidha aliingia mbio. Akaketi, akamshika mkono, wakaanza kumzungumzia Nurdin kwa sauti kubwa.