Sauti Alizoziacha Philemoni

Kila jioni, akishamaliza kukamua ng'ombe, Nosim alikaa barazani na simu yake akasikiliza sauti ya marehemu mama yake. Programu ya simu iliyohifadhi sauti hiyo ilitengenezwa na mumewe, Philemoni, ambaye naye sasa ni marehemu. Siku za soko la Ngaramtoni aliwarekodi bibi wakisimulia habari za zamani, mama yake Nosim akiwa mmoja wao. Binti yao, Naisiae, alimshikia mwavuli jua lilipowaka.

Nosim aliponunua simu mpya, sauti zilihamishwa salama, ila picha ya mama yake iliyoonekana kando ya sauti yake ilipotea. Tangu hapo, kila alipoigusa sauti ile, programu ilijifunga.

Naisiae alikuwa amesomea kazi ya kutengeneza programu mjini Arusha. Alisema Java, lugha ya kuandikia programu aliyoitumia baba, imezeeka. Alitaka kufuta yote na kuandika upya kwa Kotlin, lugha changa.

Nosim alimzuia. "Mwanangu, baba yako alikesha kwa kazi hii. Usiifute."

Naisiae akaandika upya kwa Kotlin ukurasa mmoja tu, ule unaoonyesha picha na jina la msimulizi. Programu ikajifunga tena. Akaenda kwa jirani yao, anko Ebenezer, aliyewahi kufanya kazi na baba yake.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba."

Ebenezer aliisifu Kotlin. Maandishi yake ni mafupi, na inakaa na Java ndani ya programu moja, kwa hiyo hakuna haja ya kufuta cha zamani. Lakini wanaoijua ni wachache kuliko wanaoijua Java, na mara nyingine kompyuta huchelewa kuiandaa programu iliyoandikwa kwa lugha hiyo.

"Inakuonya mapema kitu kikiweza kukosekana," alisema. "Ila kinachotoka kwenye Java haiwezi kujua kama kipo. Hapo lazima useme mwenyewe kwamba picha inaweza isiwepo."

Naisiae alirudi kwenye ukurasa wake. Aliongeza alama ya kuuliza, ishara kwamba picha inaweza isiwepo, kisha akaieleza programu: picha isipokuwepo, onyesha jina tu. Alipopitia mistari ya baba yake iliyobaki, alimkumbuka akicheka na bibi wale sokoni.

Jioni ile sauti ya bibi yake ilisikika hadi mwisho. Ilipokoma, ikasikika sauti ya Philemoni akimshukuru. Nosim alijifuta macho kwa kanga.

"Sasa nirekodi mimi," alisema.

Naisiae alitaka kumpiga picha. Mama yake akakataa, kwani alikuwa bado na nguo za zizini. Akaanza kusimulia siku alipokutana na Philemoni, na Naisiae akasogea karibu.