Pete ya Jemadari

Kantini ya studio ya filamu pale Budapest ilifurika waigizaji: malaika wanavuta sigara, askari wa Kituruki wanagombania supu ya maharagwe. Etelka, mshonaji wa mavazi ya filamu, akapita mbiombio na joho jekundu alilolikeshea siku tatu. Pwaa! Kijana mmoja akalimwagia supu.

"Umeniua!" akafoka.

"Basi tuzikwe kaburi moja, mrembo."

Jina lake Dénes. Mwigizaji mkuu aliogopa farasi na mikono ilimtetemeka, hivyo Dénes alipanda farasi badala yake, na mikono ya Dénes ndiyo iliyopigwa picha.

"Kitabu umekisoma?" Dénes akamuuliza. Filamu ilitokana na riwaya iliyosomwa na jiji zima: jemadari aliyekufa zamani anatoka kwenye picha ya ukutani kumtafuta mkewe.

"Nani hajakisoma?" Etelka akajibu. Muongo! Hata jalada hakuwa amelifunua.

Wakapendana, kupendana kweli. Jumapili moja mgahawani, Dénes akavua glavu. Lo! Pete ya dhahabu, mkono wa kulia! Kwao mchumba huvaa kushoto. Kulia ni ya ndoa. Etelka akainuka, akaiacha keki yake mezani.

Simu ikalia chumba cha ushonaji.

"Etelka wangu, nimekosa nini?"

"Mpigie mkeo!" Akakata.

Siku kumi hakupokea tena. Alhamisi Dénes akaja mwenyewe, ndani ya sare ya jeshi, safari hii ya kweli.

"Jumamosi napelekwa vitani, Urusi. Niambie kosa langu kwanza."

Etelka akainyooshea kidole pete mkononi mwa Dénes.

"Hii? Ya jemadari wa filamu! Si imo kitabuni, haivui hata kaburini? Imenibana, nikaambiwa niiache mpaka picha zote ziishe." Akamkazia macho. "Ngoja... hukukisoma!"

"Sikukisoma."

"Mungu wangu! Siku kumi silali, kumbe mwenzangu mvivu wa kusoma!"

Etelka akacheka, akalia, akamkumbatia. Wakaitoa pete kwa sabuni, maana ni mali ya studio. Dénes akakata uzi wa dhahabu, akamfunga kidole cha mkono wa kushoto.

"Na wa kulia?"

"Nikirudi, mpenzi."

"Kitabu kinaishaje?"

"Anarudi kwa mkewe, wanazeeka pamoja."

Jumamosi, treni ilipokwisha kuondoka, Etelka akaazima kile kitabu, akafungua ukurasa wa mwisho. Jemadari alirudi pichani, peke yake.

"Muongo wangu we," akanong'ona, machozi yakimtiririka. Akaubusu uzi, akalikaza fundo.