Mpini wa Mzee Othmar

Kila msimu wa kahawa, Ottilia alikuwa akitoka shule anakwenda shambani moja kwa moja kuchuma na mama yake, Bonifasia. Jua likipoa walijitwika madebe kwenda kwa Mzee Othmar, mwenye mashine pekee ya kumenya kahawa kijijini. Zamani mashine ile ilikuwa ya ushirika. Ushirika ulipokufa, Othmar aliinunua, na sasa alichukua debe moja katika kila manne, hata kama gurudumu umelizungusha mwenyewe.

Jumatatu moja Mwalimu Placidi alifundisha kwamba mwenye njia za uzalishaji anaweza kuishi kwa jasho la asiye nazo. Somo lilimkaa Ottilia kooni. Jioni, debe lao lilipochukuliwa, likamtoka mbele ya foleni nzima.

"Mzee, wewe ni mnyonyaji. Kupe tu."

Othmar alichomoa mpini wa kuzungushia gurudumu la mashine, akaingia nao ndani na kufunga mlango.

Watu wote wakamgeukia Ottilia. Kahawa iliyochumwa leo isipomenywa, kesho inaharibika, na mnunuzi haitazami. Masomo yake ya sekondari yalikuwa ndani ya madebe yale. Aliona aibu, akaogopa.

"Mdomo uliponza kichwa," Mama alisema. "Haya, jamani, tufanye ngokela, kama tunavyosaidiana kulima. Leteni vinu."

Wakaenda nyumba kwa nyumba, wakitwanga taratibu, maana ukikaza mkono punje inapasuka. Viganja vya Ottilia vilitoka malengelenge, lakini hakuthubutu kupumzika.

Siku ya tatu Othmar alikuja, mpini mkononi. Kahawa yake ilikuwa inadondoka mitini. Vibarua wake wote walikuwa kwenye ngokela.

Ottilia alipiga goti. "Shikamoo, babu. Nisamehe kwa kukutukana."

"Marahaba. Ulinitukana kweli." Akavitazama vinu. "Basi, sasa nitachukua debe moja katika kumi, la vipuri na mafuta ya mashine. Zamu tutapanga pamoja."

Mwalimu Placidi, aliyekuwa akitwanga pamoja nao, aliweka mchi chini. "Nilikufundisha uone matunda ya kazi yanavyogawanywa, Ottilia, si umwite mtu kupe. Tusi lako lilifunga mlango. Waliofanya kazi pamoja ndio walioufungua. Mashine bila mikono ya watu haimenyi hata punje moja."

Kesho yake alasiri, vibarua walipokwisha kuichuma kahawa ya Othmar, zamu ya kwanza ya kumenya walimpa yeye. Aliyezungusha gurudumu alikuwa Ottilia, kwa viganja vilevile vyenye malengelenge.